Rangi ya Kucha Kwenye Waya Namba Kumi na Saba

Waya namba kumi na saba niliubana mimi. Niliubana kwa mkono wangu wa kulia, kwa bisibisi yangu mwenyewe, nikiwa na shahada ya uhandisi wa umeme iliyotundikwa ukutani sebuleni kwa mama yangu, na niliubana vibaya. Kwa miaka tisa nimekana. Nimekana mbele ya meneja, nimekana kivukoni, nimekana hata nikiwa peke yangu jikoni nachambua dagaa, mahali ambapo hakuna aliyekuwa ananiuliza. Kwa sababu ya waya huo, mtu anayeitwa Masalu aliachishwa kazi akaitwa mzimaji wa mashine, na jina hilo likavuka naye maji mpaka Sengerema.

Mmeniomba, vijana, niwaandikie niliyojifunza katika miaka ishirini na minane ya kuhangaika na paneli za umeme viwandani. Nadhani mlitarajia orodha ya mambo kumi. Sisi wastaafu tunapenda orodha, maana mtu akiweka namba mbele ya ujinga wake unaonekana kama elimu. Mimi nitawapa waya mmoja tu na upuuzi uliouzunguka. Sehemu kubwa ya upuuzi huo ilikuwa yangu, na ilisainiwa.

Kiwanda chetu kilikuwa ufukweni upande wa Ilemela, kati ya mawe makubwa na ziwa. Tulikuwa tunapokea sangara, tunatoa minofu, tunaigandisha, inapanda ndege. Moyo wa kiwanda ulikuwa kompresa moja kubwa ya kugandishia, na ubongo wa kompresa ulikuwa paneli: kabati la chuma la kijivu lenye urefu wa mtu mzima, ndani yake nyaya, fyuzi, rilei na kontakta, ile swichi kubwa ya sumaku inayoupeleka umeme kwenye mashine. Mlangoni kulikuwa na kitufe cha kijani cha kuwashia na chekundu cha kuzimia. Nyaya za vitufe hivyo zilitoka ndani ya kabati zikiwa zimefungwa pamoja kama mkia wa nywele zilizosukwa, zikapita kwenye bawaba, zikaingia mlangoni. Ukifunga mlango, mkia ule unajikunja. Ukifungua, unajinyoosha. Kama kuna kijana mwenye akili kati yenu, ameshajua tatizo lilikuwa nini. Mimi ilinichukua miezi kumi na moja.

Kompresa ikizima dakika tano, hakuna neno. Ikizima nusu saa, watu wanaanza kutembea haraka. Ikizima saa nzima, samaki wanaanza kukumbuka kwamba wamekufa.

Nao ule ugonjwa ulikuwa wa kuzima bila sababu. Mashine inanguruma vizuri, halafu tak! kontakta inaachia, kimya. Unabonyeza cha kijani, inawaka kama hakuna kilichotokea. Inaweza kwenda siku mbili, inaweza kwenda dakika arobaini. Hitilafu ya kudumu ni mgeni mwenye adabu: imekuja, imekaa, unaiona, unaishughulikia. Hii ya kuja na kuondoka ni kama mtoto aliyelia na homa nyumbani, ukimfikisha zahanati anacheka na kuchezea kalamu ya daktari, na daktari anakutazama wewe mzazi kwa wasiwasi.

Kila nilipoitwa nilifungua mlango wa paneli, nikatoa mita yangu, nikapima. Umeme upo. Nikapima tena. Upo. Nikagusa hapa, nikagusa pale, nikatikisa kichwa kwa namna ambayo chuo kikuu hakifundishi lakini kila mhitimu anaijua, halafu nikasema, "Washeni." Ikawaka. Nikasimama pale robo saa mlango ukiwa wazi, mashine ikifanya kazi kwa utii. Mafundi wakaanza kusema paneli inamwogopa Injinia. Nilijifanya kukataa sifa hiyo. Nilijifanya kwa sauti ndogo sana.

Hapo mna somo la kwanza, na siliwekei namba: kitendo cha kupima kinaweza kuwa ndicho kinachoponya. Ukifika ugonjwa ukakimbia, usifurahi. Jiulize umegusa nini, umefungua nini, umesogeza nini kabla hujafika kwenye kipimo chako.

Lakini nirudi nyuma kwa Fundi Shabani, maana bila yeye hamtaelewa rangi ya kucha.

Fundi Shabani ndiye aliyenipokea nilipotoka chuo. Alikuwa mtu wa mjini Mwanza, ukoo wa mafundi wa siku nyingi. Baba yake alitengeneza cherehani, babu yake alitengeneza taa. Hakuwa na cheti chochote zaidi ya leseni ya kuendesha pikipiki. Siku ya kwanza nilifika kiwandani na kofia ngumu mpya ambayo bado ilikuwa na karatasi ya bei, akanitazama akasema, "Karibu, binti yangu. Hiyo kofia iache hapa mlangoni, isije ikaumia." Kwa miaka sita alinifundisha kazi, nami kwa miaka hiyohiyo nilimfundisha majina ya Kiingereza ya vitu alivyokuwa anavitengeneza tangu sijazaliwa.

Alikuwa na desturi moja iliyonikera. Akishabana waya kwenye skrubu, anaushika waya kwa vidole viwili na kuuvuta. Kila waya. Paneli ina nyaya mia mbili, anavuta mia mbili. Nilimwuliza kwa nini anapoteza muda wakati skrubu imeshakaza. Akajibu, "Skrubu ni shahidi wa uongo. Itakwambia imekaza hata kama imekaza hewa. Mwulize waya mwenyewe."

Mimi niliona ni mambo ya kienyeji. Nilikuwa nimesoma kwamba katika viwanda vikubwa vya nje, mtu akishakaza skrubu anaichora mstari wa rangi, ili anayekuja baadaye ajue imekaguliwa. Rangi yenyewe haikupatikana Mwanza. Nikaenda sokoni, nikanunua chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, nikaanza. Fundi Shabani alikuta nimemaliza safu nzima, akavaa miwani, akainama, akatazama kwa muda mrefu.

"Umeipaka kucha," akasema. "Basi tusubiri posa."

Alistaafu mwaka uliofuata. Kuvuta waya kulistaafu pamoja naye. Rangi ya kucha ikabaki ikawa sheria: penye alama nyekundu, Injinia amepita, hakuna wa kugusa. Mafundi waliiheshimu kuliko mabango ya hatari. Nakumbuka mmoja aliyekuja kutoka kiwanda kingine akataka kukaza skrubu yenye rangi, wenzake wakamshika mkono kama mtu anayetaka kuvuka na viatu kwenye mkeka wa sala. Mimi mwenyewe niliiheshimu kuliko wote. Nikitafuta hitilafu nilikuwa naruka kila penye nyekundu, maana pale alishapita Injinia, na Injinia huyo namwamini sana.

Sasa waya wenyewe. Meneja alitaka taa mpya ya kijani kwenye mlango wa paneli. Taa haikuwa na kazi yoyote. Ilikuwa ya kupendeza wageni. Nikabadilisha ule mkia wote wa nyaya za mlangoni ili kuongeza mbili za taa. Ilikuwa Ijumaa mchana, kuna harusi Misungwi, mshonaji ananisubiri na gauni. Nilibana nyaya ishirini na nne kwa mwendo wa mtu anayesubiriwa na mshonaji. Namba kumi na saba, unaokwenda kwenye kitufe chekundu cha kuzimia, niliumenya kidogo mno. Skrubu ikakaa juu ya plastiki, na vinyuzi viwili au vitatu vya shaba vikagusa chuma kwa bahati. Mkononi ilikaza vizuri kabisa. Nikaipaka rangi nyekundu, nzuri, bila kumwaga. Harusi ilipendeza.

Kitufe cha kuzimia, kwa wale wageni wa kazi hii, kinafanya kazi kwa kukata njia. Njia ikikatika popote, mashine inaamini umebonyeza. Kwa hiyo mlango ukifungwa, mkia unajikunja, waya unasukumwa nyuma. Kompresa inatetemesha kabati. Vile vinyuzi vinatetemeka, vinaachia kwa kufumba na kufumbua, mashine inazima. Ukifungua mlango kwenda kutazama, waya unarudi mahali pake. Hata mimi ninayelaumiwa nakiri kwamba kama mtego, ulikuwa umetegwa kwa ustadi.

Zamu zote ziliathirika mwanzoni, kisha zikapona, ikabaki zamu moja: ya asubuhi, ya Masalu. Ilikuwa hivi kila wiki. Na hapa kiwanda kizima, kikiongozwa na msomi wake, kilianza kufikiri.

Kikao cha kwanza kilisema ni umeme mdogo. Katika mji wetu umeme mdogo ni kama malaria: hata kama umevunjika mguu, wataanza nao. Kikao cha pili kikasema ni wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi, wameingia kwenye rilei. Tukapuliza dawa. Kikao cha tatu kiliunda kundi la WhatsApp lililoitwa Okoa Kompresa, ambalo kwa wiki moja lilikuwa na ujumbe mmoja kuhusu kompresa na mengine yote salamu za asubuhi zenye maua. Kuna aliyependekeza tumwite mchungaji, mwingine akasema kwa haki aitwe na shehe, meneja akasema tuanze na mtaalamu wa Dar es Salaam.

Mtaalamu alikuja na kompyuta na viatu vyeupe. Alifungua mlango wa paneli, akaunganisha nyaya zake, akakaa siku mbili mlango ukiwa wazi. Mashine haikuzima hata mara moja. Aliandika taarifa nene iliyopendekeza aje tena.

Masalu mwenyewe ilikuwa lazima mumjue. Mtu wa Misungwi, mrefu, mpole, maneno yake machache kama anayatoa ghalani mwezi wa njaa. Alikuwa anafuata maagizo kwa namna iliyowachosha wenzake. Ukiandika "nawa mikono", ananawa. Mimi niliandika tangazo nikalibandika kwenye paneli: MLANGO HUU UFUNGWE WAKATI WOTE. INJINIA. Masalu alikuwa akiingia zamu anaufunga, anazungusha komeo la juu, anazungusha la chini, halafu anauvuta mara moja zaidi kuhakikisha. Anavuta mlango kama Fundi Shabani alivyokuwa anavuta waya. Niliona hilo kwa macho yangu miaka yote na halikuniambia kitu.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba zamu nyingine zote, moja baada ya nyingine, zilikuwa zimejifunza miezi ile kuacha mlango wa paneli wazi kidogo, upana wa kiganja. Sababu ilikuwa chakula. Ndani ya paneli kuna joto zuri, la upole, lisilounguza. Mtu anaingia kazini anaweka bakuli la wali na samaki juu ya transfoma ndogo. Wakati wa kula ukifika, chakula ni cha moto kama kimetoka jikoni. Na mlango hauwezi kufungwa bakuli likiwemo. Wakisikia buti zangu kwenye ngazi, bakuli linatoka, mlango unafungwa, watu wanasimama wima. Mimi nikiingia naufungua tena kukagua. Kwa hiyo tangu hapo paneli ile haikuwahi kufungwa kwa muda wa maana na mtu yeyote isipokuwa mtu mmoja tu aliyesoma tangazo langu na kuliamini.

Nawasihi: kabla hujatoa mita, kaa kwenye kiti karibu na mashine, utazame watu wanavyoishi nayo. Uliza wanaweka wapi chakula chao. Sisemi utani. Nimekuta simu zinachajiwa kwenye paneli, nimekuta viatu vinakaushwa, nimekuta mahali fulani kuku ameatamia chini ya swichi kuu, na fundi wa zamu akinisihi nisubiri wiki moja mayai yaanguliwe.

Kikao cha nidhamu kilifanyika chumba cha mikutano, Jumatatu, chai na mihogo mezani. Tuhuma: kwamba Masalu anabonyeza kitufe chekundu ili apumzike. Ushahidi: mashine inazima zamu yake tu. Taarifa ya kitaalamu: yangu. Niliandika kwamba paneli nimeikagua mara kumi na tisa na haina hitilafu yoyote ya umeme. Kila neno lilikuwa kweli. Kila nilipoikagua haikuwa na hitilafu.

Meneja akamwuliza Masalu ana lipi la kusema. Masalu alisimama. Akasema, "Mimi nikifunga mlango, inazima. Nikifungua, inawaka. Naomba Injinia aje tufunge wote, tukae pale, tuone."

Meneja alikuwa mtu wa utani. Akasema, "Kwa hiyo mashine yetu inaogopa giza."

Chumba kizima kilicheka. Nami nilicheka, vijana, na nilicheka kwa sauti. Mtu amesimama mbele yangu amenitajia ugonjwa, dalili na dawa, kwa sentensi tatu za Kiswahili chepesi, nami nikacheka kwa sababu hakusema "mzunguko wa udhibiti". Masalu alisubiri tumalize. Kisha akaniangalia mimi, siyo meneja, akaketi. Hakugusa mhogo.

Akaachishwa kazi wiki hiyo. Zamu yake akapewa Kulwa, kijana mcheshi mwenye bakuli kubwa kuliko wote. Na mashine haikuzima tena. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, kimya. Basi nani angebisha? Masalu kaondoka, ugonjwa umeondoka. Hata waliomwonea huruma wakaanza kukumbuka kwamba, ndiyo, alikuwa na macho ya mtu wa kubonyeza. Shemeji zake walimpa jina la Mzimaji kwenye msiba, mbele za watu. Hilo nililisikia, nikaendelea na kazi.

Kwenye mwezi wa nne walikuja wanunuzi wa minofu kutoka nje kukagua. Siku hiyo kila kitu kilitakiwa kiwe kwa kanuni. Kulwa akaamriwa atoe bakuli. Mlango ukafungwa, makomeo mawili, ile taa ya kijani ikang'aa. Wageni wamesimama na makoti meupe, meneja anaeleza kwamba hatujawahi kusimama tangu mwaka uanze, tak! Kimya. Nilisikia tone la maji likidondoka mahali fulani upande wa pili wa jengo.

Nikasogea kwa hatua za mtu anayeogopwa na paneli. Nikafungua. Nikabonyeza cha kijani. Ikawaka. Wageni wakaitikia kwa vichwa, meneja akawahamisha haraka kwenda kuonyeshwa barafu. Nikabaki peke yangu. Nikafunga mlango. Baada ya dakika ishirini ikazima. Nikafungua, nikawasha. Nikafunga. Nikangoja. Ikazima. Nilisimama mbele ya kabati lile, na nikasikia sauti ya Masalu ikisema polepole, nikifunga inazima.

Nikazima swichi kuu, nikaingiza mkono kwenye mkia wa nyaya, nikaufuata hadi kwenye skrubu. Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Ishirini na nne, zote zimepakwa vizuri. Kisha nikafanya kitu ambacho sikuwa nimekifanya kwa miaka mingi. Nikavuta. Wa kwanza ukagoma. Wa pili ukagoma. Wa kumi na saba ukanifuata mkononi bila ubishi, kama mtoto anayemjua mama yake.

Niliumenya upya, nikaubana, nikauvuta mara tatu. Baada ya hapo, na hapa naomba mnivumilie, nikatoka getini nikaenda saluni ya jirani nikaomba dawa ya kufutia rangi ya kucha. Binti wa saluni akaniangalia vidole, havina rangi, akanipa bila kuuliza. Nikarudi nikafuta ile ya kumi na saba. Halafu nikaona moja tupu kati ya ishirini na nne inapiga kelele kuliko kengele ya moto, nikafuta zote. Kwenye daftari la hitilafu nikaandika: umeme mdogo.

Mei Mosi iliyofuata nilipewa cheti cha mfanyakazi bora kwa kumaliza tatizo la kompresa. Kipo sebuleni kwangu, kwenye fremu ya dhahabu, pembeni kidogo ya kioo ili nisikione nikijitazama.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Nilikuwa na sababu nzuri, nyingi, zote nilizitunga mwenyewe. Masalu ameshaanza maisha mapya. Meneja hatamrudisha. Mafundi watapoteza imani na wahandisi wote wa nchi hii. Ukweli ni mfupi: nilikuwa napenda paneli iniogope.

Nilikutana naye mara moja tu, kivukoni, miaka kadhaa baadaye. Alikuwa anarudi Sengerema na mkanda mpya wa mashine ya kusaga umening'inia begani. Alikuwa anatengeneza mashine za unga vijijini. Akanisalimia kwa heshima, akaniuliza habari za nyumbani, za watoto, za kiwanda. Halafu akauliza, "Injinia, ile paneli mwishowe ilikuwa na nini?"

"Umeme mdogo tu," nikamjibu.

Akatazama maji. "Umeme mdogo," akasema. "Kwenye zamu yangu." Kivuko kikapiga honi. Akanitakia safari njema.

Nilistaafu kwa hiari mwaka jana. Tangu hapo nimeitwa kwenye vyuo viwili kuzungumza juu ya uadilifu kazini, nami nikaenda kote na nikapigiwa makofi.

Simu ililia Jumanne iliyopita, kama saa tano asubuhi. Nilikuwa uani na ungo wa dagaa. Namba ngeni. Nikapokea kwa mkono wenye magamba.

"Injinia, habari za kazi. Masalu hapa."

Nikamwambia nimestaafu.

"Nimesikia. Sitakuchelewesha. Niko mbele ya kamati ya hospitali, huku Sengerema. Wanatafuta fundi wa jenereta na paneli ya chumba cha upasuaji. Wameuliza kiwandani habari zangu, wamejibiwa. Nimewaomba wakuulize mwenyewe. Naweka spika."

Hakuniomba niseme nini. Hata sauti yake haikuomba. Nikasikia kiti kikiburuzwa, kisha sauti ya mama, ya mtu aliyezoea wodi kumsikiliza.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Mimi ni muuguzi mkuu hapa. Kiwanda kimetuambia huyu bwana alikuwa anazima mashine makusudi. Wamesema ipo taarifa yako kwamba paneli ilikuwa nzima. Sisi hapa, Mama, umeme ukizimwa kuna mtu amelala juu ya meza, tumbo liko wazi. Nataka unijibu. Ile paneli ilikuwa na nini?"

Umeme mdogo. Maneno yale yalikuja yenyewe hadi kwenye meno, yamevaa na kujipanga, kama watoto wanaojua njia ya shule. Kupitia mlango wa uani niliona kona ya fremu ya dhahabu.

"Ilikuwa mbovu," nikasema. "Waya niliubana mimi juu ya plastiki. Taarifa yangu haikuwa sahihi."

"Samahani, Mama, mtandao unakatakata. Umesema nani aliubana?"

Miaka ishirini na minane nimewinda hitilafu za kuja na kuondoka, na hii nayo ikachagua saa yake. Nikasimama, nikapanda juu ya jiwe lililo nyuma ya jiko ambako mtandao ni mzuri, nikasema tena. Akasema mwenyekiti aliye mwisho wa meza hajasikia vizuri. Nikasema mara ya tatu, kwa sauti kubwa hata jirani yangu aliyekuwa anaanika nguo akaacha kuanika.

"Mimi! Niliubana mimi, nikabaini mwenyewe, nikaficha."

Kisha yule muuguzi akauliza, taratibu, kama anayeandika, "Na yeye kosa lake lilikuwa nini?"

"Alifunga mlango," nikasema. "Tangazo lilisema ufungwe. Lilikuwa langu."

Nikasikia karatasi zikigeuzwa. Mtu mmoja alikohoa. Muuguzi mkuu akasema, siyo kwangu, "Mpeni funguo za chumba cha jenereta akatazame."

Hakuna aliyeniaga. Nadhani Masalu alitia simu mfukoni akasahau kuizima, au hakusahau. Nilibaki juu ya jiwe nimeibana sikioni, nikisikiliza hatua zake kwenye sakafu, funguo, mlango wa chuma ukifunguliwa. Akakaa humo muda. Mlango ukafungwa, komeo la juu, komeo la chini. Halafu nikasikia akiuvuta mara moja zaidi, kuhakikisha.